Kalsiamu ya Kobe wa Mama Mkwe

Mimi ni fundi wa friji. Nataja kazi yangu mapema ili mtu asije akadhani kwamba nilikuwa na elimu yoyote ya mifupa, ya vitamini au ya wanyama watambaao. Najua kompresa, najua gesi, najua harufu ya waya ulioungua. Basi. Hata hivyo, kwa majira mazima ya baridi nilijifanya daktari wa kobe, na kazi hiyo niliifanya kwa majivuno ambayo hata mbele ya friji sijawahi kuwa nayo.

Kobe mwenyewe hakuwa wangu. Alikuwa wa mama mkwe, na kabla ya hapo alikuwa wa marehemu baba mkwe, mtu wa reli, aliyemwokota kando ya njia ya treni kule kwao Sakania wakati mke wangu angali msichana wa shule. Mwaka huu mama mkwe alianguka kwenye ngazi za kanisa akavunjika mkono wa kuume, tukamleta Lubumbashi atibiwe na akae kwetu. Alishuka garini na mfuko wa nguo, mkono kwenye plasta, na kobe ndani ya beseni la plastiki. Hakuna aliyeuliza kobe amekuja kufanya nini. Mama mkwe haulizwi.

Hapo lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo nitaonekana mjinga kuliko nilivyo. Kwetu, sisi tuliotoka kaskazini ya Katanga, mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa umbali. Sikai naye meza moja. Siingii chumbani kwake. Simtazami usoni, na kusema kweli hata siongei naye: naongea na mke wangu, naye anayafikisha. Ipo sherehe ndogo ya kulegeza mambo hayo. Upande wa mke wanapika, mkwe analishwa na kukaribishwa, na kuanzia siku ile anaweza kuzungumza na mama mkwe kama watu wengine wanavyozungumza. Vijana wengi wa mjini hawaingojei hata hiyo sherehe. Utawakuta na mama mkwe kwenye kochi moja wanatazama mpira. Mimi nilikuwa naheshimu mila. Niliiheshimu kiasi kwamba sherehe yenyewe niliiahirisha mwaka hadi mwaka, leo kazi nyingi, kesho mafua, na ukoo mzima ukanisifu kuwa ndimi mkwe mwenye adabu. Adabu ni kitu kizuri sana kwa mtu mvivu wa kuongea.

Tunakaa Golf, mtaa wa wenye pesa. Nikisema hivyo watu hunitazama upya, kwa hiyo sina haraka ya kuongeza kwamba tumepanga anexe, nyumba ndogo ya nyuma, kati ya tangi la maji na jenereta la mwenye villa. Huyo mwenye villa ana mbwa wawili wakubwa ambao hawafungwi. Kule Sakania kobe alikuwa akizunguka bustanini atakavyo, anachagua jua, anachagua kivuli. Kwetu, kwa sababu ya mbwa, alipewa chumba kimoja na mama mkwe: sakafu ya simenti, na dirisha la kioo ambalo tangu tuingie halijawahi kufunguka.

Mke wangu anauza vitenge sokoni, anatoka asubuhi anarudi magharibi. Mimi naitwa pale friji la mtu linapokufa, na kwenye baridi mafriji hayafi sana. Kwa hiyo tulibaki wawili, mimi sebuleni, mama mkwe chumbani, mlango wa chumba nusu wazi, na hakuna wa kupeleka maneno. Siku ya kwanza tulinyamaza kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani. Siku ya pili nikasikia sauti yake.

"We kobe! Ambia ule baba, mulango ya inje inaleta baridi."

Nikatazama huku na huku. Kobe alikuwa ametoka chumbani, amesimama katikati ya sebule, anatafuna ganda la ndizi. Nikakohoa kidogo, nikamjibu kwa heshima zote.

"Kobe, ambia Mama, minaenda kufunga."

Ndivyo ilivyoanza. Kwa kinywa cha kobe mama mkwe aliomba maji ya moto, aliuliza kama umeme utarudi, alinipa pole ya kuondokewa na mjomba. Kwa kinywa chake hichohicho mimi niliomba ruhusa ya kupitisha ngazi mbele ya dirisha lake, nikatangaza bei ya makaa, nikamtakia sikukuu njema. Kobe hakuwahi kupotosha ujumbe, jambo ambalo siwezi kulisema juu ya ndugu zangu. Mke wangu alitukuta siku moja tumo katikati ya maongezi, mimi nimepiga goti mbele ya mnyama namweleza habari za fuse, akacheka mpaka akakaa chini. Kila magharibi, mlango ukiwa vilevile nusu wazi, nilimsikia mama mkwe akimsemesha kobe peke yao, polepole, kwa kirefu. Hayo niliona hayanihusu. Niliongeza sauti ya redio, tena nikajipongeza kwa kuwa na adabu.

Asubuhi moja nilimnyanyua kobe ili nifagie, na kidole gumba changu kikabonyea kwenye gamba. Kilizama. Kidogo tu, upande wa nyuma karibu na mkia, lakini gamba la kobe haliwi hivyo. Nikabonyeza tena, likazama tena, kama kopo la margarini. Jasho lilinitoka palepale kwenye baridi. Mama mkwe alikuwa amefiwa na mume, amevunjika mkono, na sasa kitu pekee alichokuja nacho kutoka nyumbani kwake kilikuwa kinalainika juu ya sakafu yangu. Asingenilaumu. Hilo ndilo lililoniogopesha, kwamba hangeweza kunilaumu, maana wa kuleta lawama angekuwa kobe huyohuyo.

Mtaa wa pili kuna kliniki ya wanyama ya daktari mmoja mwanamke, ambaye nilikuwa nimemtengenezea friji la chanjo. Nilikwenda na kobe ndani ya beseni, nimemfunika na taulo. Kwenye benchi walikuwepo mabibi wa Golf na mbwa wenye mikanda ya ngozi, na mbwa wote waligeuza vichwa kunusa beseni langu. Nilitabasamu kama mtu aliyeleta mboga.

Daktari alimgeuza kobe, akambonyeza, akamfungua mdomo.

"Munamulisha nini?"

"Lengalenga, docteur," nikasema, maana ndivyo tunavyouita mchicha. "Kila siku. Ni ya muzuri kwa damu."

"Kwa damu yako, ndiyo. Ye, lengalenga ya kila siku inamufungia kalsiamu mu tumbo, haifike ku mifupa. Na jua?"

"Iko na dirisha kubwa."

"Ya kioo?"

"Ya kioo."

"Basi hana jua. Kioo inapitisha mwangaza tu. Ile kazi jua inafanyaka ku mifupa, kioo inaifungia inje."

Akanipa kopo la unga mweupe wa kalsiamu na chupa ndogo ya matone ya vitamini. Unga, alisema, ni wa kunyunyiza kidogo tu, kiasi cha kubana kwa vidole viwili, juu ya kalembula, majani ya viazi vitamu, na si kila siku. Matone ni mara moja kwa juma. Na jua la kweli, nje, kila asubuhi. Nilitikisa kichwa kwa kila neno kama mtu anayeelewa.

Tatizo langu ni ufundi. Friji likikosa gesi huwezi kulitia gesi kidogo tu ukaondoka; unalijaza mpaka mshale ukae mahali pake. Nikitazama ule unga kati ya vidole vyangu viwili niliona haya kwa niaba ya daktari. Nikatafuta kijiko. Kalembula ya kobe ikawa nyeupe kama imepita chini ya gari la simenti, na yeye, maskini, akaila, akabaki na ndevu nyeupe. Nilimtazama nikajiona baba bora. Matone ya vitamini tu ndiyo niliyoyatoa kama nilivyoambiwa, kwa kuwa chupa ilikuwa na mdomo mwembamba na ilinikatalia.

Jua nalo lilikuwa na mambo yake, kwa sababu ya mbwa. Sikuweza kumweka chini. Kwa hiyo kila asubuhi nilisimama uwanjani, nimevaa koti na kofia ya sufu, nimemnyanyua kobe juu ya kichwa changu kwa mikono miwili kama padri anavyoinua Sakramenti, na mbwa wawili wanarukaruka kiunoni mwangu. Mikono ikichoka nilimgeuza ili jua lipate upande wa pili. Mlinzi wa villa ya jirani, upande wa pili wa ukuta, alinitazama siku mbili bila neno. Siku ya tatu alifanya ishara ya msalaba akahamisha kiti chake. Baadaye mke wangu aliniletea habari kutoka sokoni kwamba kuna mzee wa Golf anayeabudu kobe na kwamba ndiyo siri ya utajiri wake. Nilimwambia awaulize utajiri wenyewe uko wapi.

Mama mkwe alikuwa akiyaona yote hayo kupitia kile kioo. Hakusema kitu, yaani kobe hakuniletea kitu. Yeye pia alikuwa kwenye kalsiamu. Daktari wa hospitali alimwandikia vidonge vya kutafuna, vyenye kalsiamu na vitamini D pamoja, vinavyonukia chungwa, ili mfupa wa mkono uunge. Mimi ndiye niliyevinunua, mke wangu ndiye aliyeviweka kando ya kitanda. Niliona makopo yakiisha kwa wakati wake nikafurahi. Nilisema moyoni, nyumba hii ina mifupa ya chuma.

Kisha mvua ya kwanza ikaezua bati la nyumba ya mama mkwe, na mke wangu akaenda Sakania kusimamia fundi. Alituachia unga wa mahindi, samaki wa kukauka, na maagizo. Siku chache baada ya yeye kuondoka, kobe aliacha kula. Kalembula ikakauka mbele yake. Miguu yake ilitoka nje ya gamba ikalala sakafuni, kama mikono ya mtu aliyesinzia kwenye kiti. Mama mkwe alianza sentensi, "We kobe, ambia ule baba," kisha akaishia hapo. Kobe hakuinua hata kichwa. Nilichukua beseni. Nilipopita mlangoni mama mkwe alikuwa amesimama, mkono mbovu ameukumbatia kwa ule mzima, analitazama beseni, mimi hanitazami.

Kliniki ilikuwa imejaa. Daktari alimpokea kobe, akaniambia nirudi nyumbani, atanipigia. Alipiga kabla sijavua viatu.

"Papa, misuli yote imelegea. Inafanana na muntu mwenye kukosa kalsiamu kabisa. Sindano ya kalsiamu iko mu mukono. Lakini mbele ya kumupiga, uniambie: ulikuwa unamupa unga kiasi gani?"

"Ya kubana na vidole, docteur. Vile ulisema."

"Papa."

"Kijiko," nikasema.

"Kijiko ya chai?"

"Ya chai. Yenye kilima."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Sauti yake ikawa ya upole, na upole wake ulinitisha zaidi. Unga ule peke yake, alisema, hauna vitamini D, na matone yalikuwa machache. Kwa hayo tu kobe asingefika hapo. "Kuna muntu mwingine anamupatiaka kintu? Fikiri muzuri. Kama ile vitamini imejaa mu mwili, sindano hii itamuua. Kama haiko, bila sindano atakufa. Minangoja."

Nilitaka kusema hakuna mtu mwingine. Ndipo nikakumbuka kwamba kobe, nikimnyanyua juani, alikuwa akinukia chungwa. Nilikuwa nimeinusa harufu hiyo kila asubuhi, nikadhani ndiyo harufu ya afya.

Nikampigia mke wangu kwa simu yangu ya pili ili ampigie mama yake, ambaye alikuwa hatua chache kutoka nilipo. Hapatikani. Nikapiga tena. Hapatikani. Nikamwandikia ujumbe, haukufika. Nilisimama katikati ya sebule nikatafuta wa kumtuma, na aliyekuwa akitumwa siku zote ndiye aliyekuwa amelala kwenye meza ya daktari. Sasa nitasema jambo ambalo hata mke wangu sikumwambia. Niligeukia friji.

"Friji," nikasema kwa sauti, "ambia Mama, docteur anauliza kama kuna kintu alikuwa anapatia kobe."

Friji lilinguruma, likanyamaza. Chumbani hakuna jibu. Nadhani mama mkwe alikuwa anajiuliza kama binti yake aliolewa na mtu mwenye akili timamu, na simlaumu. Simu ya daktari ilikuwa bado mkononi, nasikia mbwa wakibweka upande wa daktari. Nikavua kofia. Nikausukuma mlango, nikaingia mahali ambapo miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kuingia, nikamtazama mama mkwe usoni. Ana macho ya mke wangu. Hilo sikuwa nalijua.

"Mama, munisamehe. Docteur anataka kujua. Mulikuwa munamupatia kobe dawa?"

Alitazama ile pembe ya chumba ambako kobe hulala. Palikuwa patupu. Kisha akanitazama mimi.

"Yangu," akasema. "Ile ya hospitali."

"Ngapi, Mama?"

"Moja asubuhi, moja mangaribi. Minavunja mu papai. Anaipendaka."

"Na nyinyi? Munabakia na ngapi?"

"Mi? Hakuna." Aliona uso wangu akaongeza, kama mtu anayemweleza mtoto jambo lililo wazi, "Ye mifupa yake iko inje, kila muntu anaiona vile inaharibika. Yangu iko mu ndani. Na we mwenyewe ulikuwa unamuinua juu kila siku, nikasema, basi hali yake ni mubaya kabisa."

Nilimwambia daktari. Alitaja jina la Mungu kwa Kifaransa, nikasikia kitu cha chuma kikiwekwa juu ya meza. Hakuna sindano, alisema. Hakuna unga, hakuna matone, hakuna papai lenye kitu ndani. Atamlaza kwenye maji ya vuguvugu kila siku, atamtia maji mwilini mpaka figo zijisafishe, na Mungu akipenda tutaona. Kisha akaniuliza ilikuwaje watu wawili wa nyumba moja, wanaokaa pamoja mchana kutwa, wamlishe kobe mmoja dawa ileile bila kuambiana. Nilianza kumweleza mila zetu. Akasema ana mbwa anayemngoja.

Kobe alipona. Nalisema hapa ili mtu apumue, na pia kwa sababu hakupona kwa lolote nililofanya mimi. Alikaa kwa daktari mpaka mvua zikakolea, akarudi na miguu yenye nguvu na gamba gumu kiasi, na barua ya maagizo ambamo neno "kubana" lilipigwa mistari chini.

Lakini jioni ile ya simu hatukujua bado kama ataamka. Nilipika bukari, ugali wetu, mwenyewe, vibaya. Kisha nikachukua kopo la vidonge na gilasi ya maji, nikabisha mlango, nikaingia mara ya pili. Nilikaa kwenye kigoda. Mama mkwe alitafuna kidonge kwa kukunja uso, akakisukuma kwa maji. Plasta ilikuwa imeshatolewa, na mkono ule ulikuwa juu ya paja lake, mwembamba kuliko mwenzake, vidole vimepinda kidogo. Nilikuwa nimenunua dawa za mkono huo, nimelipia gari lililouleta, nimejisifu kwa ndugu kwamba unatunzwa kwangu. Nilikuwa sijautazama hata mara moja.

"Mama, mukono inaumaka bado?"

"Inauma, mwana. Tangu nilifika inauma. Usiku sana. Vidole mbili haifunge, hata rozari inaniangukaka."

"Na juu ya nini hamukusema?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, bila hasira hata kidogo.

"Nilisema. Kila mangaribi nilikuwa naambia kobe. Mulango ilikuwa wazi. Nilizania we uko unasikia."

Nilikuwa nasikia.